Namna ya Kulinda Lenzi za Hadubini Dhidi ya Vimiminika: Mwongozo kwa Maabara za Vituo vya Afya

Katika zahanati na vituo vingi vya afya hadubini huwa ni moja tu, nayo hubeba kazi zote za siku: damu ya malaria, makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, mkojo wa mama mjamzito, choo cha mtoto anayeharisha, na magamba ya ngozi yaliyokwanguliwa ili kutafuta fangasi. Kila kazi huja mezani na kimiminika chake, kuanzia rangi za jimsa na fuksini hadi maji ya chumvi, ayodini, potasi (hidroksidi ya potasi) na mafuta ya imasheni, yale yanayowekwa kati ya slaidi na lenzi, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibu kioo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtaalamu wa maabara anayefanya kazi katika mazingira hayo, ambaye fundi wa vifaa tiba humfikia baada ya wiki kadhaa, na ambaye hadubini yake ikififia leo, wagonjwa wa kesho watapimwa kwa hadubini hiyo hiyo.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kukaa na kazi hii kwa muda mrefu. Ajali ya chupa kupinduka juu ya hadubini hutokea kwa nadra, na ikitokea kila mtu huiona na kuikimbilia. Kimiminika kinachoua lenzi nyingi ni kile ambacho hakuna aliyekiona: tone la mafuta lililoguswa na objektivu (lenzi inayoelekea slaidi) isiyopaswa kuguswa na mafuta, unyevu ulio chini ya slaidi ambayo haikukauka vizuri, au maji ya chumvi yaliyochungulia nje ya kioo cha kufunikia. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu mazoea ya kila siku, na ndipo baadaye nitaeleza la kufanya pale kimiminika kinapomwagika kweli.

Mahali kimiminika kinapopenyea

Objektivu ni silinda ya chuma yenye lenzi kadhaa ndani yake, baadhi zikiwa zimeunganishwa kwa gundi maalumu, na lenzi yake ya mbele, ile inayoelekea slaidi, imekaa ndani ya pete ya chuma. Kati ya kioo na pete hiyo kuna mwanya mwembamba usioonekana kwa macho. Objektivu za mafuta hutengenezwa zikiwa zimezibwa vizuri mahali hapo. Objektivu kavu, yaani isiyotumia mafuta, na hasa ile ya 40x (inayokuza mara 40), mara nyingi haikuzibwa kwa kiwango hicho, na mafuta yakikaa juu yake kwa siku kadhaa hufyonzwa taratibu hadi nyuma ya lenzi ya mbele, ambako karatasi ya lenzi haiwezi kufika.

Mlango wa pili ni kondensa, lenzi inayokusanya mwanga, iliyo chini ya tundu la jukwaa la slaidi. Kimiminika kinachotapakaa jukwaani hulifuata tundu hilo, hudondokea lenzi ya kondensa, kisha hushuka hadi kwenye mabapa membamba ya kilango cha mwanga, ambayo hushikana na kupata kutu. Mlango wa tatu uko kwenye kitako cha hadubini, pale mwanga unapotokea, kwa kuwa chini ya kioo hicho kuna taa na nyaya za umeme. Mlango wa nne ni mirija ya lenzi za macho. Lenzi ya macho ikitolewa na mrija ukaachwa wazi, chochote kinachodondokea humo kinaweza kufika kwenye prizimu, kioo cha ndani kinachoelekeza mwanga, na prizimu si kitu cha kusafishia mezani.

Jizoeze pia kusoma rangi za pete zilizochorwa kwenye objektivu. Katika hadubini nyingi za leo, 4x ina pete nyekundu, 10x njano, 40x buluu na 100x nyeupe, na objektivu inayotumia mafuta huwa na pete nyeusi karibu na ncha yake pamoja na neno Oil. Mwanafunzi anayeanza mafunzo kwa vitendo aoneshwe pete hizo siku ya kwanza, kabla hajakabidhiwa slaidi yoyote.

Kuipanga meza ya kazi

Hadubini isikae meza moja na kazi ya kupaka rangi slaidi. Pale ambapo chumba ni kimoja na hakuna nafasi, iweke upande ulio mbali na sinki kadiri inavyowezekana, na kati yake na chupa za rangi pawe na kizuizi, hata ikiwa ni ubao uliosimamishwa. Juu ya hadubini pasiwe na rafu ya dawa wala kiyoyozi kinachodondosha maji. Kabla ya masika kuanza, tazama dari lililo juu ya meza hiyo: alama ya kahawia kwenye dari inaonesha kwamba maji yamewahi kupita hapo, na yatapita tena.

Chupa ya mafuta ya imasheni ni ndogo, nyepesi na huteleza, ndiyo maana hupinduka kuliko chupa nyingine zote. Tafuta kipande cha ubao kizito, kitoboe tundu linalotosha chupa hiyo, na uiweke humo muda wote, upande wa mkono unaoutumia kudondosha mafuta, ili mkono usipite juu ya jukwaa la slaidi ukiwa umeshika chupa iliyo wazi. Ni kifaa ambacho seremala wa jirani hukitengeneza kwa dakika chache, nami sijaona kingine cha bei hiyo kinachookoa kiasi hicho.

Slaidi zinazosubiri kusomwa zikae kwenye trei bapa, si juu ya kitako cha hadubini. Chai, maji ya kunywa na chakula haviruhusiwi maabara kwa sababu za usalama wa afya, na hapo hadubini nayo hunufaika. Jambo moja husahaulika: dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti. Anayejipaka dawa hiyo kisha akashika lenzi za macho kabla mikono haijakauka, huacha juu ya kioo utando wa jeli ambao hukauka na kufanana na ukungu. Subiri mikono ikauke kabisa.

Kuandaa slaidi isiyovuja

Kwa slaidi zilizopakwa rangi, kanuni ni moja: slaidi isipande jukwaani ikiwa na maji, juu wala chini. Baada ya kuoshwa isimamishwe kwenye kikaushio hadi ikauke yenyewe, kisha ifutwe upande wa chini kwa karatasi laini. Upande wa chini ndio unaosahaulika. Nakumbuka kituo kimoja ambako slaidi za jimsa zilikuwa zikiwahishwa kwa sababu foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Uso wa juu ulionekana mkavu, lakini chini yake ulibaki mstari mwembamba wa maji ya buluu, nao ulishikwa kati ya kioo na chuma cha jukwaa ukasogea hadi kwenye tundu. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, na hakuna aliyeona tone likianguka. Miezi kadhaa baadaye kijiti cha kilango cha mwanga kilikataa kusogea. Tulipoishusha kondensa tulikuta ukoko wa zambarau umezunguka lenzi yake, na mabapa ya kilango yameshikana kama kurasa za daftari lililoloweshwa na mvua.

Kwa maandalizi ya majimaji, kama vile choo kwenye maji ya chumvi au ayodini, mashapo ya mkojo, na ngozi kwenye potasi, fuata utaratibu huu. Weka tone moja dogo katikati ya slaidi. Shika kioo cha kufunikia kwa kingo zake, kigusishe ukingo mmoja kwenye tone kwa mwinamo wa takriban nyuzi 45, subiri kimiminika kitambae kwenye ukingo huo, kisha kilaze polepole. Kimiminika kikitokeza nje ya kioo, usiendelee: gusisha pembe ya karatasi ya kuchujia kwenye ukingo na uiache ifyonze ziada hadi kioo kitulie. Kikiendelea kuelea na kuteleza, maji bado ni mengi, basi andaa slaidi nyingine. Mwisho, gusisha upande wa chini wa slaidi kwenye karatasi kavu, na karatasi ikilowa, ufute kabla ya kuipandisha jukwaani.

Usitazame maandalizi ya majimaji kwa 40x bila kioo cha kufunikia. Katika hadubini nyingi umbali kati ya ncha ya objektivu hiyo na sampuli inayoonekana vizuri ni takriban milimita 0.6, ilhali tone lisilofunikwa hunyanyuka zaidi ya hapo. Unapotafuta picha, lenzi huwa tayari imezama kwenye choo au mkojo, na utaona tu kwamba picha haikubali kukaa sawa.

Mafuta ya imasheni na objektivu ya 40x

Mafuta haya ndiyo kimiminika pekee tunachokimimina kwa makusudi mbele ya lenzi, kwa hiyo ni vema kujua yanafanya nini. Kiwango cha kioo cha kupinda mwanga ni takriban 1.515, na cha hewa ni 1.0. Mwanga unaotoka kwenye slaidi na kuingia hewani hupinda, na sehemu yake kubwa hupotea pembeni. Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alitengeneza mwaka 1878 objektivu inayotumia mafuta yenye kiwango sawa na cha kioo, ili mwanga upite kutoka slaidi hadi lenzi kana kwamba haujatoka ndani ya kioo. Miaka minne baadaye Robert Koch alitumia lenzi za namna hiyo kuonesha kimelea cha kifua kikuu. Objektivu ya 100x imeundwa kwa ajili ya hali hiyo. Ile ya 40x imeundwa kwa ajili ya hewa, na filamu ya mafuta juu yake, hata iwe nyembamba kiasi gani, huigeuza kuwa lenzi nyingine isiyo na kipimo chochote.

Madhara hutokea hivi. Msomaji wa slaidi ya malaria anaanza na 10x, anadondosha mafuta, anaingia 100x, na baada ya nyuga kadhaa anataka kurudi nyuma kidogo ili atafute mahali pazuri zaidi. Anazungusha kichwa cha objektivu kinyume, na 40x inapita juu ya tone. Tone hilo lina kimo kikubwa kuliko zile milimita 0.6, hivyo lenzi inaguswa. Kesho yake mwenzake anatazama mkojo kwa 40x, anaona picha yenye ukungu, anaongeza mwanga, anafungua kilango zaidi, na anaandika majibu. Chembe nyekundu chache alizokuwa azione hazikuonekana.

Ili jambo hilo lisitokee, chukua hatua zifuatazo.

Kwanza, maliza kila unachohitaji kukitazama kwa 10x na 40x kabla ya tone la mafuta kuwekwa. Katika slaidi ya malaria, 10x au 40x hutumika kuona kama doa nene limepakwa rangi vizuri na kuchagua sehemu yenye chembe nyeupe za kutosha. Mafuta yakishawekwa, safari ya kurudi 40x imefungwa hadi slaidi itolewe.

Pili, zungusha kichwa cha objektivu kwa mkono ulioshika pete yake yenye meno, si kwa kuvuta objektivu zenyewe, kisha simama katikati ya 40x na 100x kabla lenzi yoyote haijafika juu ya slaidi. Dondosha tone moja tu bila kugusisha ncha ya kitoneshi kwenye slaidi. Kitoneshi kinachogusa damu hubeba vimelea kutoka slaidi moja kwenda nyingine, na majibu yanayotokana na mafuta yaliyochafuliwa ni ya uongo kwa mgonjwa asiye na hatia yoyote. Kisha ingiza 100x kwenye mafuta ukitazama kwa pembeni, si kupitia lenzi za macho.

Tatu, ukimaliza, usirudi ulikotoka. Katika kichwa chenye objektivu nne zilizopangwa 4x, 10x, 40x na 100x, jirani wa 100x upande mmoja ni 40x na upande wa pili ni 4x. Shusha jukwaa, kisha endelea mbele hadi 4x, ambayo husimama mbali sana na slaidi na haiwezi kufikiwa na mafuta.

Nne, na hili ndilo ninalolipendelea kwa hadubini ambayo kazi yake kubwa ni malaria: badilisha mpangilio wenyewe. Hamisha 40x ikae mkabala na 100x, ili majirani wa 100x wawe 4x na 10x. Mkono utatoka 10x kwenda 100x na kurudi bila 40x kupita juu ya tone. Fanya kazi hiyo juu ya kitambaa safi, ukifungua objektivu moja moja kwa mikono miwili, bila kuacha tundu wazi kwa muda mrefu. Baadaye hakikisha kitu kilicho katikati ya uwanja wa 10x bado kipo katikati katika 40x na 100x. Kikihama sana, rudisha mpangilio wa awali, kwa sababu baadhi ya hadubini hurekebishwa kiwandani kwa kufuata tundu la kila objektivu. Wajulishe wenzako wote na ubandike karatasi ukutani, maana mkono uliozoea mpangilio wa zamani utakosea wiki nzima ya kwanza.

Mafuta hayahitaji kufutwa kwenye 100x baada ya kila slaidi, na kuifuta mara hamsini kwa siku huichakaza bure. Yafyonze kwa karatasi ya lenzi kazi inaposimama kwa muda mrefu, na uyaondoe yote mwisho wa siku. Mafuta ya mwerezi ya zamani yasitumike kabisa, kwa sababu hukauka na kuwa magumu kama utomvu. Mafuta ya kisasa hayagandi hivyo, lakini hukusanya vumbi, na vumbi lililokolea mafuta hukwaruza lenzi wakati wa kufuta.

Kimiminika kikimwagika: hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni umeme. Zima swichi ya ukutani kwa mkono mkavu, kisha chomoa plagi. Usiguse swichi iliyo kwenye kitako kilicholowa.

Hatua ya pili ni kutoiinua hadubini wala kuiinamisha. Mtu anapoona maji juu ya chombo cha thamani, mkono hukimbilia kukipindua ili maji yatoke, na kwa kufanya hivyo maji yaliyokuwa juu ya jukwaa huingia kwenye mirija, kwenye gia na kwenye taa. Iache isimame ilivyo.

Hatua ya tatu ni kujilinda. Ikiwa kilichomwagika ni sampuli ya mgonjwa, vaa glavu, na kama ni makohozi ambayo hayajapakwa rangi, zingatia taratibu za maabara yako kuhusu kinga ya kupumua. Damu iliyo mezani au sakafuni hutibiwa kwa klorini ya 0.5%, ambayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu moja ya dawa ya klorini ya 3.5% na sehemu sita za maji, na huachwa kwa dakika 10 kabla ya kufutwa. Klorini hiyo isiguse hadubini, kwa maana hula chuma na huharibu utando mwembamba uliopakwa kwenye lenzi. Sehemu za chuma na plastiki za hadubini zifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya 70%.

Hatua ya nne, shusha jukwaa taratibu ili lenzi iachane na kimiminika, kisha toa slaidi ikiwa imelala bapa. Kama ni sampuli isiyoweza kuchukuliwa tena, iweke kwenye trei na uiandike namba mara moja, kwa sababu baada ya ajali ndipo sampuli huchanganywa.

Hatua ya tano ni kufyonza, si kufuta. Laza karatasi inayonyonya juu ya kimiminika, iache inywe, iinue wima, na uweke nyingine. Anzia kwenye tundu la jukwaa, kwa sababu kila sekunde kimiminika kinashukia hapo, ndipo uende pembezoni. Kusugua husukuma kimiminika kwenye mianya na kukwaruza kioo kama kuna chembe za mchanga au chumvi.

Hatua ya sita, shusha kondensa na utazame lenzi yake kwa tochi. Ikiwa imelowa, na ikiwa hadubini yako ina skrubu ya kando ya kuiachilia, itoe baada ya kuweka alama ya mkao wake kwa penseli, kisha fyonza juu na kingoni. Tazama pia kioo cha mwanga kwenye kitako. Kioo hicho kikiwa kikavu na pete yake haina maji, taa huenda imesalimika. Maji yakionekana chini ya kioo, hadubini isiwashwe tena hadi fundi aifungue.

Hatua ya saba, kagua objektivu moja baada ya nyingine. Hapa lenzi ya macho husaidia sana: itoe, funika mrija wake, igeuze juu chini, na uitumie kama kioo cha kukuzia, ukiisogeza karibu na ncha ya objektivu huku mwanga ukimulika kwa pembeni. Lenzi safi huonekana kama kidimbwi chenye mng'ao mmoja. Mafuta huonekana kama rangi za upinde wa mvua, chumvi kama nyota ndogo nyeupe, na damu kama duara la kahawia lenye ukingo mzito kuliko katikati.

Kila kimiminika na kisafishio chake

Hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi, kwa kuchukua chupa ya zailini, ambayo ni kiyeyushio cha mafuta, na kuitumia kwa kila kitu. Kanuni ni kwamba kilichoyeyuka kwenye maji huondolewa kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, na kilicho cha mafuta huondolewa kwa kiyeyushio cha mafuta, na mpangilio huo haugeuzwi.

Damu, mkojo, choo na maji ya chumvi huanza na maji yaliyotoneshwa. Kwa damu sababu yake inajulikana kwa kila aliyewahi kupaka rangi slaidi: tunatumia methanoli kuishikiza damu kwenye kioo ili isioshwe. Spiriti ikiwekwa kwanza juu ya damu iliyo kwenye lenzi, hufanya kazi ile ile, na doa lililokuwa likitoka kwa maji huganda kwenye kioo. Lowesha ncha ya karatasi ya lenzi, ilaze juu ya doa kwa dakika moja hadi lilainike, inyanyue, rudia kwa karatasi mpya, na baada ya damu kuisha ndipo umalizie kwa spiriti kidogo. Maji ya chumvi yaliyokauka yasiguswe makavu, kwa kuwa fuwele zake hukwaruza. Yayeyushe kwanza.

Potasi ya 10% isisubiri. Ni besi kali inayoweza kula kioo na utando wake, kwa hiyo ifyonze papo hapo, na upitishe maji yaliyotoneshwa mara tatu au nne kwa karatasi mpya kila mara. Asidi ya spiriti inayotumika kwenye rangi ya kifua kikuu nayo itendewe hivyo hivyo, na chuma kilichoguswa nayo kikaushwe vizuri. Fuksini inayotumika kwenye rangi hiyo ina fenoli na huacha wekundu mkaidi: anza na maji, kisha ethanoli, na ukiona rangi imebaki kingoni mwa pete ya chuma bila kuufikia mzunguko wa kioo, iache. Kuikwangua ni hatari kuliko kuiacha.

Kwa mafuta ya imasheni, fyonza kwanza kwa karatasi kavu, kisha tumia kiyeyushio kilichotajwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Mchanganyiko wa etha sehemu 7 na ethanoli safi sehemu 3 umetumika kwa muda mrefu, na pale etha isipopatikana, ethanoli safi isiyo na maji hutosha kwa mafuta yaliyo mapya. Etha hushika moto kwa urahisi mno, basi taa ya spiriti iwe imezimwa na dirisha liwe wazi. Zailini itumike tu pale kijitabu kinaporuhusu, kwa kiasi cha kulowesha ncha ya karatasi, kwa sababu ikipenya kingoni inaweza kulainisha gundi ya lenzi. Asetoni ikae mbali na hadubini nzima.

Namna ya kufuta ni ile ile kwa vyote. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate nayo ni kimiminika. Lowesha karatasi ya lenzi kidogo tu, kamwe usidondoshe kiyeyushio moja kwa moja kwenye lenzi. Anza katikati na uzunguke kuelekea nje mara moja, kama mchoro wa konokono, kisha tupa karatasi hiyo na uchukue nyingine. Karatasi ya chooni, pindo la koti na gozi ya kufungia vidonda havifai, kwa kuwa vinaweza kukwaruza utando unaojaribu kuuokoa.

Kukausha, kupima na kurudisha kazini

Hadubini iliyolowa ikaushwe kwenye hewa inayopita, mahali pakavu penye kivuli, kwa siku nzima au zaidi kabla ya kurudishiwa umeme. Jua kali, oveni na mashine ya kukaushia nywele huyeyusha grisi ya gia na kulainisha gundi. Usiifunike kwa mfuko wa plastiki ikiwa bado na unyevu. Wanaofanya kazi Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wanajua hewa ya huko: unyevu uliofungiwa ndani ya plastiki huotesha kuvu juu ya lenzi, na nyuzi zake zikishaula utando, usafi wowote hauurudishi. Kabati lenye balbu ndogo inayowaka, au sanduku lenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) inayokaushwa tena kila inapobadilika rangi, hutosha kwa mahali kama hapo.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza kupimwa, weka slaidi ya marejeo unayoifahamu vizuri, yenye vimelea vya malaria, na uitazame kwa 10x, kisha 40x, ndipo 100x. Katika 100x kiini cha kimelea kiwe nukta nyekundu yenye ukingo mkali na utegili wake, sehemu inayozunguka kiini, uwe buluu safi. Ukiona madoa yanayozunguka unapozungusha lenzi ya macho, uchafu uko kwenye lenzi ya macho. Yakihama pamoja na slaidi, uko kwenye slaidi. Yakijitokeza na kupotea unapopandisha na kushusha kondensa, uko kwenye kondensa. Picha ikiwa na ukungu wa jumla usiohama popote, na objektivu nyingine zikiwa safi, basi tatizo ni objektivu hiyo moja.

Ukungu ulio ndani ya objektivu, kati ya lenzi na lenzi, ni kazi ya fundi, na objektivu isifunguliwe kituoni kwa hali yoyote. Iondoe, ifungie kwenye kikasha chake, na uzibe tundu lake kwa kifuniko. Kama iliyoharibika ni 40x, mikojo na vyoo vipelekwe maabara ya jirani hadi nyingine ipatikane, na uandike hivyo kwenye rejesta ya vifaa: tarehe, kimiminika kilichomwagika, kilichoguswa, kisafishio kilichotumika, na saa hadubini iliporudishiwa umeme. Fundi atakapofika, mstari huo ndio utakaomwambia aanze kufungua wapi.